Polio na sauti: jinsi kirusi kinavyojeruhi mishipa ya koo, na kipimo kinachoonesha kilichosalia

Na Mwandishi Wetu

Neno polio linapotajwa, wengi hukumbuka mguu uliosinyaa, magongo na baiskeli ya magurudumu matatu. Ni nadra mtu kulifikiria koo. Hata hivyo, kirusi kilekile kinachoua seli za fahamu zinazoendesha miguu kinaweza kufika kwenye shina la ubongo na kuzishambulia seli zinazoendesha kaakaa, koromeo na nyuzi za sauti. Madhara yake hujitokeza katika nyakati mbili zilizotengana kwa miongo. Kwanza ni kwa mtoto ambaye sauti yake inabadilika ghafla na kuwa ya puani huku akishindwa kumeza mate. Pili ni kwa mtu mzima wa miaka 50 au 60, aliyekwisha kuusahau ugonjwa wa utotoni, ambaye sauti yake inaanza kuchoka kila ifikapo jioni. Mtoto huyo anahitaji kufikishwa hospitali mara moja. Mtu mzima huyo anahitaji kuchunguzwa na mtaalamu atakayemuuliza kama aliwahi kuugua polio.

Njia ya fahamu hadi kwenye nyuzi za sauti

Sauti huzaliwa katika zoloto, kile kisanduku cha gegedu ambacho kwa wanaume huonekana kikipanda na kushuka shingoni wakati wa kumeza. Ndani yake zimo nyuzi mbili za sauti. Mtu anapovuta pumzi, nyuzi hizo huachana. Anaposema hukutana, na hewa inayotoka mapafuni huzitikisa takriban mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume na takriban mara 200 kwa mwanamke. Anapomeza hujifunga kwa nguvu ili chakula na maji visiingie katika njia ya hewa. Kazi hiyo ya tatu, ya kuyalinda mapafu, ndiyo inayolifanya tatizo la sauti kuwa zaidi ya suala la usemi.

Amri ya kuzifunga na kuzifungua nyuzi hizo hutoka katika kundi dogo la seli ndani ya shina la ubongo. Hushuka kupitia mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ambao ni wa kumi kati ya jozi 12 za mishipa inayohesabiwa kuwa ya ubongo wenyewe. Tawi lake la juu huenda kwenye msuli unaozikaza nyuzi ili sauti ipande. Tawi la pili, lenye kazi kubwa zaidi, lina njia ya kushangaza. Upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, likazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha likapanda tena hadi kwenye zoloto. Upande wa kulia huzunguka mshipa wa damu ulio nyuma ya mtulinga.

Urefu wa safari hiyo ndio unaofanya uvimbe wa tezi ya shingo, kifua kikuu, saratani ya pafu au upasuaji wa shingo na kifua viweze kumwondolea mtu sauti bila koo lenyewe kuwa na ugonjwa wowote. Polio hutofautiana na hayo yote kwa kuwa haiukati mshipa njiani. Huziua seli kwenye chanzo.

Kirusi kinapofika kwenye shina la ubongo

Kirusi cha polio huingia mwilini kwa njia ya kinywa, hasa kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na huzaliana kooni na matumboni. Wengi wa wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban mtu mmoja kati ya 200 wanaoambukizwa hupata kupooza kusikorejea, na kati ya waliopooza asilimia 5 hadi 10 hufariki dunia pale misuli ya kupumua inaposhindwa kufanya kazi.

Mara nyingi kupooza hukumba miguu na mikono kwa sababu kirusi hushambulia seli za mwendo zilizo katika uti wa mgongo. Takwimu za Marekani za kati ya mwaka 1969 na 1979 zinaonesha mgawanyo wenyewe: asilimia 79 ya wagonjwa waliopooza walikuwa na polio ya uti wa mgongo pekee, asilimia 19 walikuwa na polio ya uti wa mgongo pamoja na shina la ubongo, na asilimia 2 ya shina la ubongo pekee. Kwa maneno mengine, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano waliopooza aliguswa katika eneo linaloendesha koo.

Dalili zake ni za kusikika kabla ya kuonekana. Mtoto huongea kwa sauti ya puani kwa sababu kaakaa laini limelegea na hewa inatorokea puani. Maziwa au maji aliyopewa hurudi kupitia puani. Mate humjaa kinywani, na sauti hugeuka kuwa ya majimaji kama ya mtu anayesukutua. Kikohozi hupungua nguvu, na kwa mtoto mchanga kilio chenyewe huwa hafifu. Nyuzi zote mbili za sauti zikipooza zikiwa karibu karibu, mgonjwa hutoa mlio mkali kila anapovuta hewa. Hapo njia ya hewa imebaki upenyo mdogo tu.

Ni katika hatua hii ambapo huduma za nyumbani zinazotolewa kwa nia njema hugeuka kuwa hatari. Asali, ndimu au maji ya moto vinavyonyweshwa ili "kulainisha koo" vinaweza kuishia mapafuni, kwa kuwa mlango unaopaswa kufungwa haufungwi. Mtoto mwenye dalili hizo asilishwe wala asinyweshwe kitu kwa mdomo. Alazwe kwa ubavu ili mate yatoke nje, na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Aidha, katika baadhi ya jamii nchini mtoto mwenye shida ya koo hupelekwa kukatwa kimeo. Kitendo hicho kinajulikana kwa kusababisha kutokwa damu nyingi na maambukizi, na kwa mtoto aliyepooza koo hakitibu chochote, kwa kuwa kimeo sicho chanzo cha tatizo. Historia ya tiba inatoa tahadhari nyingine inayokaribiana na hiyo: katikati ya karne ya 20 ilibainika kwamba watoto waliotolewa tonsili wakati wa mlipuko wa polio walipata zaidi polio ya shina la ubongo, na madaktari katika nchi mbalimbali wakaahirisha upasuaji huo katika misimu ya ugonjwa. Jeraha la koo lilikuwa limekifungulia kirusi njia ya kupanda.

Copenhagen, 1952

Namna polio ya koo inavyoua, na namna inavyoweza kuzuiwa isiue, ilifahamika vizuri zaidi katika hospitali ya Blegdam jijini Copenhagen, Denmark. Katika wiki tatu za kwanza za mlipuko wa mwaka 1952, wagonjwa 31 waliopooza mfumo wa kupumua walipokelewa na 27 kati yao wakafariki. Hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja, lile tangi ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake kichwa kikibaki nje, pamoja na mashine sita ndogo za kifuani.

Tatizo halikuwa uchache wa mashine peke yake. Tangi huvuta hewa kuingia mapafuni, na kwa mgonjwa asiyeweza kumeza wala kufunga nyuzi za sauti, huvuta na mate pia. Mgonjwa huzama katika maji ya mwili wake mwenyewe.

Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri njia nyingine. Tarehe 27 Agosti 1952, msichana wa miaka 12 alitobolewa koo chini ya zoloto, akawekewa mrija wenye kizibo cha kuzuia mate yasishuke, kisha hewa ikasukumwa mapafuni kwa mfuko wa mpira uliokuwa ukibinywa kwa mkono. Aliishi. Njia hiyo ikaenezwa kwa wagonjwa wengine, na takriban wanafunzi 1,500 wa udaktari wakaitwa kwa zamu kukaa kando ya vitanda wakibinya mifuko usiku na mchana. Vifo vilishuka kutoka asilimia 87 hadi takriban 40, na baadaye zaidi ya hapo. Vyumba vya wagonjwa mahututi vya leo vinatokana na kazi hiyo, jambo ambalo halitajwi mara nyingi ipasavyo historia ya polio inaposimuliwa.

Kupima umeme wa misuli ya sauti

Jiji hilohilo lina nafasi katika historia ya kipimo kinachohusika hapa. Kila msuli unapopokea amri kutoka kwenye mshipa wa fahamu hutoa umeme mdogo sana. Mwaka 1944 watafiti Weddell, Feinstein na Pattle, waliokuwa Uingereza, walieleza jinsi ya kuunasa umeme huo kwa sindano, wakiigusia na misuli ya zoloto. Katika miaka ya 1950 Knud Faaborg-Andersen na Fritz Buchthal wa Copenhagen waliifanyia kazi misuli hiyo kwa kina, na mwaka 1957 Faaborg-Andersen akachapisha utafiti ambao madaktari wa sauti wanaurejea hadi sasa. Ndipo kipimo kiitwacho elektromiografia ya zoloto kilipopata msingi. Kwa ziada, vipimo vya aina hiyo vilisaidia kuizima nadharia iliyokuwa ikivuma nchini Ufaransa, kwamba kila mtikisiko wa nyuzi za sauti huamriwa na ubongo mmoja mmoja. Nyuzi hutikiswa na hewa. Kazi ya mishipa ya fahamu ni kuziweka mahali pake na kuzikaza.

Kabla ya sindano huja macho na saa. Daktari wa masikio, pua na koo huzitazama nyuzi za sauti kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, akiangalia upi unatembea na upi umelala. Kisha mgonjwa huambiwa avute pumzi na kutamka "aaa" mfululizo. Mtu mzima mwenye afya hudumu kwa sekunde 15 hadi 25; chini ya 10 ni ishara kwamba kuna kasoro. Baadaye hutamka "sss" na "zzz" kwa zamu. Sauti ya kwanza haitumii nyuzi, ya pili inazitumia. Ikiwa "sss" inadumu zaidi ya mara 1.4 ya "zzz", hewa huenda inavuja kati ya nyuzi zisizofunga. Hapa mtaalamu hana budi kuwa mwangalifu: mtu aliyepata polio anaweza kuwa na misuli dhaifu ya kifua, na kwake sauti zote mbili huwa fupi hata kama nyuzi zake ni nzima. Kipimo cha sindano kisichotanguliwa na uchunguzi huu humsumbua mgonjwa bure.

Siku ya kipimo chenyewe mgonjwa hulala chali, mto ukiwa chini ya mabega ili shingo inyooke. Daktari hupapasa pengo lililo kati ya magegedu mawili ya mbele ya shingo na kupitisha hapo sindano nyembamba iliyounganishwa na mashine yenye skrini na spika. Mgonjwa, akiwa macho, huelekezwa kutulia, kunusa kwa nguvu, kumeza mate, kutamka "iii", kisha kuipandisha sauti hiyo kama anayeimba. Kila tendo huamsha msuli wake: "iii" ya kawaida huamsha msuli ulio ndani ya uzi wa sauti, kupandisha sauti huamsha msuli unaopewa amri na tawi la juu, na kunusa huamsha msuli pekee unaozifungua nyuzi. Ndivyo daktari anavyohakikisha sindano ipo mahali sahihi. Kwa kawaida kazi hiyo haizidi nusu saa. Maumivu yake hayatofautiani sana na ya sindano nyingine, ila mgonjwa huweza kupata hamu ya kukohoa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kusema mapema, na aliyepooza nyuzi zote mbili hupimwa mahali penye uwezo wa kumsaidia kupumua iwapo koo litavimba.

Mashine husomwa kwa macho na kwa masikio. Msuli uliopoteza mshipa wake hivi karibuni, hata ukiwa umetulia, hutoa vijimlio vidogo vya kuruka-ruka. Dalili hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu kujitokeza, hivyo kipimo kilichofanywa mapema mno kinaweza kuonesha unafuu usiokuwepo. Msuli ambao mishipa inaurudia hutoa mawimbi yaliyovunjika-vunjika; hiyo ni habari njema. Msuli ulio kimya kabisa mgonjwa anapojitahidi kusema haubashiri mema. Lipo pia tokeo linaloweza kumshangaza asiyelitarajia: uzi wa sauti hautembei, lakini umeme wake ni wa kawaida. Hapo mshipa ni mzima na kiungo cha gegedu ndicho kilichokwama, pengine baada ya mgonjwa kukaa muda mrefu na mrija wa kupumulia. Tiba yake ni tofauti kabisa.

Kwa sababu hizo, kipindi chenye manufaa zaidi kwa kipimo hiki ni kati ya mwezi mmoja na sita tangu sauti ilipopotea. Matokeo yake husaidia kuamua kama asubiriwe au atibiwe, kwani upasuaji wa kudumu huahirishwa kwa miezi kadhaa, hata mwaka, ili kutoa nafasi kwa mishipa inayoweza kupona.

Kipimo hiki kina mipaka pia. Usomaji wake unategemea sana uzoefu wa msomaji. Vilevile hakiwezi kutaja jina la kirusi. Sauti iliyopotea kwa kirusi cha tetekuwanga kinachoamka ukubwani, ambacho huweza kuleta malengelenge sikioni pamoja na kupooza kwa uso na koo, inaweza kutoa picha ya umeme inayofanana na ya mshipa uliojeruhiwa kwa sababu nyingine. Polio huthibitishwa maabara kwa sampuli za kinyesi. Sindano ya shingoni huonesha tu kiasi cha madhara.

Miaka 30 baadaye

Sehemu isiyofahamika sana ni ile ya waliopona. Seli za fahamu zilizokufa hazirudi, lakini zilizosalia huchipusha matawi mapya na kuzichukua nyuzi za misuli zilizoachwa bila mwenyewe. Ni kama shule iliyobaki na mwalimu mmoja anayefundisha madarasa matano: masomo yanaendelea, na mgeni hawezi kutambua kasoro. Seli moja iliyokuwa na mzigo wa kiasi hubeba mzigo mara kadhaa zaidi, kwa miongo. Kwenye mashine hali hiyo huonekana kama mawimbi machache, makubwa kupita kawaida. Kisha, mara nyingi baada ya miaka 30 au 40, seli hizo huanza kuchoka na kuyaacha matawi zisiyoweza tena kuyatunza. Uchovu, maumivu na udhaifu mpya hurejea, hali inayoitwa sindromu ya baada ya polio. Hakuna kirusi hai kinachosababisha hali hiyo, wala mgonjwa hamwambukizi mtu.

Kooni, sauti huanza kwa kuchoka. Mwalimu, mhubiri au mfanyabiashara wa sokoni hugundua kwamba asubuhi anasikika na alasiri hasikiki. Wengine hukohoa wakinywa maji. Utafiti wa Sonies na Dalakas uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1991 uliwachunguza watu 32 wenye sindromu hiyo. 14 tu ndio waliokuwa na malalamiko mapya ya kumeza, lakini 31 walikutwa na kasoro fulani katika misuli ya kinywa na koromeo. Tofauti hiyo kati ya 14 na 31 inastahili kuzingatiwa na kila mhudumu wa afya, kwani aliyezoea udhaifu wake tangu utotoni hauoni kuwa dalili.

Tiba iliyopo hailengi kufufua seli. Mtaalamu wa usemi humfundisha mgonjwa kugawa matumizi ya sauti, kupumzika kabla ya kuchoka na kumeza akiwa ameinamisha kidevu pale inapofaa. Kipaza sauti kidogo cha kuvaa shingoni humfaa mwalimu kuliko mazoezi ya kupaza sauti, ambayo huweza kumwongezea uchovu. Iwapo uzi mmoja umelala mbali, daktari anaweza kuujaza kwa sindano au kuusogeza kati kwa kipande kinachowekwa kupitia dirisha dogo la gegedu, ili mwenzake aufikie.

Jambo lenye uzito zaidi ni usingizi wa upasuaji. Aliyewahi kuugua polio anaweza kuathiriwa zaidi na dawa za usingizi na za kulegeza misuli, na kupumua kwake kunahitaji uangalizi wa karibu baadaye. Aidha, mwenye uzi mmoja uliopooza bila yeye kujua akifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo na mshipa wa upande mzima ukaguswa, anaweza kujikuta hana njia ya hewa. Ni vyema historia ya polio itajwe kabla ya upasuaji wowote, hata kama mgonjwa anadhani haihusiani na kinachompeleka hospitali.

Hata hivyo, si kila sauti iliyokwaruza kwa mtu wa aina hiyo ni ya polio. Sauti iliyoharibika kwa zaidi ya wiki nne bila kupata nafuu inapaswa kuangaliwa kwa kamera, kwa kuwa kifua kikuu cha koo na saratani ya zoloto huanza vivyo hivyo, na vyote viwili hutibika zaidi vikigunduliwa mapema.

Hali ilivyo nchini

Tanzania ilikuwa na mgonjwa wake wa mwisho wa kirusi cha asili cha polio mwaka 1996, na mwaka 2015 ilithibitishwa kuwa nchi isiyo na polio. Waliopooza kabla ya hapo sasa ni watu wazima, na wengi wanakaribia au wamekwisha kuingia katika umri ambao udhaifu mpya hujitokeza. Kuhusu watoto, tahadhari haijaondoka. Mwezi Februari 2022 nchi jirani ya Malawi ilitangaza mgonjwa wa kirusi cha asili, jambo lililosababisha kampeni za chanjo nyumba kwa nyumba nchini kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2023 kirusi cha aina ya 2 kitokanacho na kudhoofika kwa kirusi cha chanjo katika jamii zenye watoto wengi wasiochanjwa kilithibitishwa mkoani Rukwa. Chanjo ya matone hutolewa mtoto anapozaliwa na katika wiki ya 6, 10 na 14, pamoja na chanjo ya sindano.

Mtoto yeyote mwenye umri wa chini ya miaka 15 anayepata kupooza kwa ghafla anapaswa kutolewa taarifa, na sampuli mbili za kinyesi kuchukuliwa ndani ya siku 14 tangu dalili zilipoanza, zikipishana kwa saa 24 hadi 48. Kwa kuwa utaratibu huo huanzia kwenye kiungo kilicholegea, mtoto ambaye polio imemshika koo tu anaweza kupita bila kuhesabiwa. Mwongozo unatoa nafasi kwa hilo: mgonjwa wa umri wowote ambaye tabibu anamshuku kuwa na polio hutolewa taarifa vilevile. Wagonjwa wanaohitaji ufuatiliaji huchunguzwa tena baada ya siku 60 ili kubaini udhaifu uliobaki, na uchunguzi huo unaweza kujumuisha kumsikiliza mtoto akiongea na kumtazama akinywa maji, mbali na kumwangalia akitembea.